Rangi Ikishapita

Kosa litakalofunuliwa na simulizi hii si ujinga, wala si uzembe. Ni kosa la watu hodari: kuipenda kazi ya mikono yao kuliko mtu atakayepanda ndani yake, na kuliita penzi hilo heshima. Nalitaja mapema ili msomaji asidhani kwamba nimemfichia jambo la kumshangaza. Sisi wenyewe hatukushangaa. Tulilisikia likija, Jumamosi baada ya Jumamosi, tukiwa tumekaa na vikombe vya kahawa mikononi, na kila mmoja alimtazama mwenzake aone kama atasema.

Kikundi chetu kilikutana Ipagala, hapa Dodoma, katika banda la bati nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Kilikuwa kikundi cha watu wanaojiundia magari. Sisemi kutengeneza magari mabovu, kazi ambayo gereji za mji huu zinaifanya kutwa nzima. Nasema kuunda. Mtu hununua fremu na bodi ya faiba iliyokuja katika kasha kutoka ng'ambo, au huifinyanga bodi hiyo mwenyewe juu ya umbo la plasta. Kisha hutafuta injini, ekseli na usukani kutoka kwenye pikapu iliyokwisha maisha, na kwa miezi mingi, pengine kwa miaka, huviunga vitu hivyo mpaka kinatoka kigari cha viti viwili, kifupi, kilichoinama kama mnyama anayenusa ardhi, kisichofanana na chochote kilichoko barabarani. Askari wa usalama barabarani waliyasimamisha magari hayo kwanza kwa ukali, halafu kwa kuomba kupiga nayo picha.

Mimi sikuwa na gari la kuunda. Nafundisha maadili ya utumishi chuoni, upande wa Hombolo, na mwenyekiti, aliyekuwa jirani yangu, alinikaribisha kwa sababu alipenda mtu wa kubishana naye. Nilibaki kwa sababu nyingine. Nilipata faraja kuwaona watu wazima wakiumiza viganja kwa kazi ambayo hakuna aliyewatuma wala atakayewapandishia cheo. Waliniita Mwalimu na kuniachia kiti pekee chenye mgongo.

Mwenyekiti alikuwa mpima barabara mstaafu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliofika bara na misafara, wakajenga, wakaoa, wakabaki. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kusomea watu hukumu. Jambo lililomkera kuliko yote ni magari ya siku hizi. Banda lilikuwa karibu na barabara kuu, na kila msafara wa magari meupe ya wakubwa ulipopita kuelekea Mtumba kwenye wizara, alisimamisha kazi na kuunyooshea spana.

"Tazameni," alisema. "Kioo mbele yake, kioo pembeni yake, na sauti ya mwanamke ndani inamwambia kata kulia. Huyo si dereva. Huyo ni mzigo uliovalishwa tai."

"Mzigo wa serikali," mmoja alidakia.

"Gari la sasa linamlea mtu. Likiona amesinzia, linamwamsha. Likiona amesogelea ukuta, linalia. Sasa mtu huyo akili yake ataitumia lini? Gari la kweli halisemi. Linakuachia wewe usikie kwa mkono."

Nilikubaliana naye kuliko nilivyoonyesha. Nimeshuhudia wanafunzi wangu wakisubiri kengele ya nje iwaambie kwamba wamekosea, na kengele isipolia wanajihesabu wema. Nilidhani katika banda lile nimewapata watu waliotunza kengele ya ndani. Hapo ndipo nilipopotoka.

Kikundi kilikuwa na desturi moja ambayo kila mgeni aliisikia kabla hata hajaketi. Gari likiwa bado chuma kitupu, kila mwanachama alikuwa na ruhusa, hata wajibu, wa kulisema vibaya. Walilizunguka wakiwa na tochi, wakagonga, wakavuta, wakatukanana. Lakini siku rangi ilipopigwa, mambo yaligeuka. Wote waliweka viganja vyao juu ya bodi mpya, kila mmoja akatamka neno moja la sifa, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja kwa ubaya. Aliyefanya hivyo alihesabiwa kuwa na husda. Walisema kwa kifupi: rangi ikishapita, mdomo umefungwa.

Nilipoisikia mara ya kwanza niliiona desturi nzuri. Niliona ina mpaka kati ya ukosoaji na husda. Sikujiuliza swali ambalo mtoto angeuliza: je, kama kitu kikiharibika baada ya rangi?

Jibu lilikuja kwa namna ya mzaha. Tulikwenda matembezi bwawa la Hombolo, msafara mzima, vigari vya rangi kali vikiruka juu ya barabara ya vumbi. Karibu na mashamba ya zabibu, gari la mwanachama mmoja, mwuza vipuri, lilitoa sauti ya kukwaruza, na gurudumu lake la nyuma likatoka, likalipita gari lenyewe, likaingia shambani likiangusha nguzo za mizabibu. Gari lilikaa chini kwa tumbo na kusota hadi ukingoni mwa mtaro. Mke wake alikuwa kiti cha pili. Alibaki ameshika dashibodi kwa mikono miwili hata baada ya vumbi kutulia, na ilibidi abanduliwe kidole kimoja kimoja.

Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini.

"Limekwenda kuomba zabibu!"

"Mwulize shamba la nani, lisije likatozwa ushuru!"

Mwenye gari alicheka kuliko wote. Walilirudisha gurudumu, wakalifunga kwa nati walizokopeshana, safari ikaendelea. Jioni ile bandani, mwenyekiti aliweka kiganja juu ya bodi iliyochubuka na kusema, "Bado ni zuri." Wote wakarudia. Yule mke hakuja tena kwenye matembezi yetu, na hakuna aliyeuliza sababu.

Mtu mmoja hakucheka siku ile, naye alikuwa mwanamke. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya viti na mazulia ya magari, mtu wa vilima vya Kondoa, mjane mnene mwenye duka lake sokoni na ulimi usiotaka mkalimani. Aliingia kikundini kwa kushona viti vya wenzake. Baadaye akaunda gari lake, la kijani, zuri kweli, akaliendesha mwaka mmoja, akaliuza. Kwa fedha ile alinunua gari la kisasa la rangi ya fedha kutoka Japani, lenye kamera nyuma na vitambuzi kila upande. Alipolileta bandani mara ya kwanza na kulirudisha nyuma kuliegesha, lilipiga kelele kama kifaranga aliyekanyagwa. Banda zima liliangua kicheko, na tangu dakika ile akapata jina. Wakamwita Mama Kengele, na ile kengele ya gari wakaiita mkwe wake.

"Mama Kengele, mkwe wako anakuita tena!"

"Ananiambia mlango wa nyuma haujafungwa," alijibu akishuka. "Ninyi mngemwacha mwanangu adondoke barabarani, mkisema rangi imependeza."

"Gari gani hilo linakupangia maisha?"

"Linaniambia. Kupanga napanga mwenyewe. Wewe nani anakuambia?"

Hawakumfukuza, maana hakuna aliyeshona kiti kama yeye. Walimfanya kichekesho tu, na mtu aliyefanywa kichekesho anaweza kusema kweli mwaka mzima bila kusikika.

Sasa nifike kwenye gari lenyewe. Lilikuwa la mwenyekiti, jekundu, lenye pua ndefu, alilolijenga kwa miaka mingi kuliko wote. Rangi yake ilipopita, sote tuliweka viganja. Mimi nilitamka neno "adili," na nilijisifu moyoni kwa kulichagua. Kisha posa ikaja. Binti yake wa mwisho alichumbiwa na kijana wa Gulwe, ikapangwa kwamba ndoa ifungwe Ipagala na bibi harusi apelekwe kwa mumewe siku ya pili kwa ajili ya karamu ya walima. Mwenyekiti akatangaza kwamba atampeleka mwenyewe, katika gari jekundu, wao wawili tu.

Dada yake mkubwa, ambaye wote tulimwita Shangazi, hakupendezwa. "Tangu lini baba akamsindikiza mwari? Na mimi nikae wapi, juu ya boneti?"

"Utakuja kwenye basi na wenzako, dada."

"Basi! Nimemlea mtoto, halafu nimfuate kwa basi kama mzigo wa vitunguu."

Mwenyekiti hakubadili nia. Ila aliona injini yake ni ndogo kwa safari ile yenye vilima, akaing'oa na kuweka kubwa. Injini mpya ilikaa mahali ilipopita shafti ya usukani, yaani kile chuma kirefu kinachoshuka kutoka kwenye usukani kwenda kuyageuza magurudumu ya mbele. Shafti ya kufaa ingechukua muda mrefu kufika. Harusi haikuwa mbali. Akaikata ile ya zamani, akaipitisha pembeni, akaunga kipande cha bomba katikati kwa kuchomelea yeye mwenyewe, akapaka rangi nyeusi. Yote haya aliyafanya baada ya rangi nyekundu kupita.

Jumamosi iliyofuata aliliingiza gari bandani mbele yetu. Alipokunja usukani kupita nguzo ya mlango, tulisikia sauti ndogo. Tik. Ilikuwa kama mtu amebana kucha. Aliponyoosha, ikaja tena. Kahawa ilikuwa inamiminwa, na aliyekuwa anamimina alisita, birika likiwa hewani. Nikawaona watu watano ambao wote wanajua kuchomelea wakitazama sakafu.

"Injini inanguruma vizuri," mmoja alisema hatimaye.

"Vizuri sana," wakasema wengine.

Tangu hapo ile sauti haikuniacha. Ulikuwa msimu wa upepo, ule upepo wa Dodoma unaoanza asubuhi na kuchoma macho kwa vumbi mpaka jua linapozama, na mabati ya banda yaligonga mchana kutwa. Lakini katikati ya kelele zote hizo sikio langu lilichagua tik ile tu. Wiki iliyofuata ilikuwa imeongezeka. Awali ilikuja kwenye kona kali. Sasa ilikuja hata alipokunja kidogo. Wanachama walianza kuwasha redio bandani. Hawakuwa na redio hapo awali.

Mama Kengele hakuwapo siku hizo, alikuwa Kondoa kwenye biashara. Aliporudi aliitwa kushona kiti cheupe cha bibi harusi na kutandika zulia jipya. Siku hiyo hiyo alikuja kwangu nyumbani. Hakukaa.

"Mwalimu, nimelala kifudifudi kwenye gari lile nikibandika zulia. Uso wangu ulikuwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye ile shafti aliyoiunga. Rangi nyeusi imepasuka kuizunguka mahali alipochomelea. Mstari mwembamba kama unywele, na ndani yake kuna kutu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia palepale. Kaniambia rangi imeshapita. Nikamwambia huyo ni mwanao. Kanitazama kama nimemwombea dua mbaya." Akarekebisha mtandio wake. "Wewe wanakuheshimu. Kazi yako ni kuwafundisha watu kusema kweli. Kamwambie."

Nilikwenda jioni ile. Mwenyekiti alikuwa barazani akipiga hesabu za wali na mbuzi na ndugu zake, na nikamwomba pembeni. Nilimwambia kwamba shafti yake ya usukani imepasuka, kwamba wote tumesikia, kwamba asimpakie mtoto. Nilisema kwa upole, kama tunavyosema na watu wazima, nikianza na salamu ndefu na kumalizia na samahani. Nimejifunza tangu siku ile kwamba upole wa aina hiyo humpa msikilizaji mlango wa kutokea.

Naye akautumia. "Mwalimu," alisema, akiniwekea mkono begani, "nimepima barabara mkoa huu tangu hujaota ndevu. Umewahi kuniona nafanya kitu bila kukipima?"

"Sijawahi."

"Basi. Na huyo mama, gari lake limemzoesha kuogopa. Kila kitu kwake ni kengele. Kunywa chai."

Siku ya kumpeleka bibi harusi ilianza na ukungu wa vumbi. Jua lilionekana kama sarafu ya shaba iliyochakaa. Uani kulijaa watu: basi dogo la akina mama limesimama barabarani, vigari vya kikundi vimepangwa nje ya geti vikiwa na riboni, na lile jekundu liko ndani, kati ya simtanki la maji na ukuta, pua yake ikielekea getini. Bibi harusi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cheupe, amejifunika, hina ikionekana vidoleni. Nilipopita alinisalimu kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Miguu yake midogo ilikuwa imekanyaga lile zulia jipya, na nilijua kilichokuwa kinapita hapo karibu na goti la baba yake.

Niliwaza njia yote. Kwanza barabara kuu ya malori hadi Mbande, mabasi yakipita kwa kasi ya kutikisa vioo, halafu Kongwa, halafu zile kona za vilima vya Mpwapwa, halafu mteremko wa kwenda Gulwe. Nilijiuliza itakuwa wapi. Sikujiuliza tena kama itakuwa.

Hapo likaingia getini gari la rangi ya fedha. Mama Kengele aliliingiza kinyumenyume, likilia kifaranga chake, akaliegesha kwa upana kuziba njia. Vijana wakaanza mzaha wa kawaida.

"Mama Kengele! Mkwe anasema umekosea njia!"

Alizima, akashuka, akauchomeka ufunguo kifuani.

"Mwenyekiti, hutoki."

"Toa gari, mama. Watu wa Gulwe wanasubiri."

"Wasubiri. Heri wamsubiri mwari kuliko wasubiri maiti."

Sauti za wanawake zikapanda pamoja. "Astaghfirullah!" "Siku kama hii!" Shangazi alimwendea na kumsimamia puani. "Tamka heri, wewe mwanamke! Umeletwa na nani hapa?"

"Nimekuja mwenyewe, dada. Kiti alichokalia nimekishona mimi."

Mwenyekiti alishuka. Alikuwa amevaa kanzu mpya na koti, na uso wake ulikuwa umepoteza rangi. "Hii ni husda," alisema polepole, ili kila mtu asikie. "Wote hapa mnaijua sheria yetu. Rangi imeshapita."

"Rangi nimeiona. Nasema kilicho chini ya rangi."

"Wewe uliliuza la kwako ukanunua linalolia," alidakia yule mwuza vipuri aliyetokwa na gurudumu Hombolo. "Unataka kutufundisha nini?"

"Mkeo yuko wapi leo?" Mama Kengele alimwuliza.

Kisha akageuka kwa mwenyekiti, na sauti yake ikashuka. "Kaka, sitaki ugomvi. Gari lako ni dogo, linapita hapo kati ya tanki na langu. Ila lazima ukunje usukani hapo hapo ulipo, limesimama, mpaka mwisho. Kunja, kisha toka. Ukitoka, nitapiga magoti mbele ya watu wote hawa nikuombe radhi, na kikundini hamtaniona tena."

Lazima nieleze kwa nini maneno hayo yalikuwa mazito. Mwenyekiti alitufundisha sote kwamba kukunja usukani wakati gari limesimama ni kulitesa, maana magurudumu yanakataa na uzito wote unakwenda kwenye shafti. Kwake ilikuwa alama ya dereva asiye na adabu. Daima alilisogeza kwanza, kisha akakunja. Kwa hiyo chuma kile alichokiunga kilikuwa hakijawahi kujaribiwa kwa nguvu yake yote, na siku ambayo kingejaribiwa, ingekuwa kwenye kona ya Mpwapwa, lori likija mbele. Yeye alilijua hilo. Nilimwona akilijua. Lakini macho ya ukoo mzima yalikuwa juu yake, na mtu hawezi kukataa kugeuza usukani wa gari alilolisifu.

Akaingia. Akawasha. Akashika kwa mikono miwili na kukunja.

Tik. Akaongeza nguvu. Tik, tik. Mishipa ya shingo ilimsimama. Kisha ikasikika sauti kavu, fupi, kama kuni ya mkaratusi inapovunjwa kwenye goti, na usukani ukazunguka. Ulizunguka mpaka mwisho, ukapita mwisho, ukaendelea. Aliuachia kidogo, akaukunja upande wa pili, ukazunguka huko pia, mwepesi kabisa, kama sahani juu ya meza.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yameelekea mbele vilevile.

"Baba," bibi harusi aliuliza kutoka ndani ya mtandio, "mbona hayageuki?"

Baba yake aliendelea kuuzungusha ule usukani, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta neno alilolisahau, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Vizuri sana. Shangazi ndiye aliyefungua mlango, akamtoa mtoto, akamkumbatia na kukaa naye chini palepale juu ya vumbi, nguo nyeupe na yote.

Wanachama walitawanyika. Nilidhani wanaona aibu. Kumbe kila mmoja alikwenda kwenye gari lake nje ya geti. Niliwaona kwa zamu wakiingia, wakikaa, wakikunja usukani magari yakiwa yamesimama, wakiwa wameinamisha vichwa kusikiliza. Mmoja alitoka ndani ya la kwake, akafungua riboni, akaenda kupanda basi na akina mama. Hakusema alichosikia. Hakuna aliyemwuliza, na mpaka leo gari lile linakuja bandani likiwa limeng'aa.

Tulikwenda Gulwe kwa gari la rangi ya fedha. Mimi nilikaa nyuma na Shangazi, bibi harusi kati yetu. Mwenyekiti aliwekwa mbele. Alikaa ameshika magoti yake. Gari lilianza kulia.

"Mwenyekiti," Mama Kengele alisema bila kumtazama, "mkwe wangu anakuita. Mkanda."

Hakusikia, au alijifanya. Gari liliendelea kulia, na Mama Kengele hakuondoka. Tulikaa getini, ukoo wote ukitutazama kupitia vioo, kile kifaranga kikipiga kelele kwa ukaidi wa kitu kisicho na haya. Hatimaye mkono wa mzee ulipanda, ukautafuta mkanda, ukauvuta. Kukawa kimya. Ndipo tukaondoka.

Baada ya Mpwapwa, kwenye kona moja ya mteremko, lori la mkaa lilitutokea likiwa limechukua zaidi ya nusu yake ya barabara. Mama Kengele alikunja kushoto, gari likatii, tukapita tukisikia majani ya kandokando yakikwaruza mlango. Jambo dogo, madereva hulifanya kila siku na kulisahau. Nilimwona mwenyekiti akitazama mikono ya mwanamke yule juu ya usukani. Halafu aliangalia chini kwenye korongo, akaangalia sana, mpaka kona ikaisha. Bibi harusi alikuwa amelala begani kwa Shangazi, na hajui hata leo ni kona ipi.

Gulwe tuliipata alasiri, reli iking'aa katikati ya vumbi, ngoma zikisikika tangu kwenye nyumba za kwanza. Wakwe walikuwa wamejipanga mlangoni. Mbele yao alisimama babu wa bwana harusi akiwa na fimbo, na kama desturi yao ilivyo, hakuruhusu mtu kuvuka kizingiti kabla ya kuuliza.

"Mwari huyu kaletwa na nani?"

Kwa kuwa safari hii baba alikuja mwenyewe, jibu lilikuwa lake, na kila mtu alilijua: kaletwa na mimi babaye. Mwenyekiti alifungua mdomo. Akaufunga tena. Vigelegele vilisita. Babu akadhani hakusikika, akapiga fimbo chini, akauliza tena. Mwenyekiti aligeuka nyuma, akapitisha macho juu yetu sote mpaka alipompata mwanamke aliyebaki peke yake kando ya gari, akipangusa vumbi kwenye kioo kwa ncha ya khanga. Hapakuwa na mzaha wowote katika sauti yake alipojibu.

"Mama Kengele."